Waliotoa damu usiku hawajasikia majibu

Kila nikifika kijijini na kiboksi cha sampuli, kabla hata sijakaa vizuri mkekani, kuna mzee ataniuliza: "Binti, ile damu mliyotutoa mwaka ule, ilisemaje?" Huwa hana hasira. Anauliza kama mtu anayeulizia mzigo aliompa konda wa basi. Mara nyingi hiyo damu haikuchukuliwa na timu yangu, na pengine wakati huo mimi nilikuwa bado chuoni. Kwake haibadilishi kitu. Waliokuja walivaa kama mimi, walibeba kiboksi kama hiki, wakasema wanatoka idara ya afya.

Mimi ni muuguzi wa hapa Lindi. Ukiacha zamu za kituoni, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichukuliwa kwa mikataba mifupi kwenye tafiti zinazopita ukanda wetu wa Lindi na Mtwara: kuhoji watu, kutoboa vidole, kupokea vikopo vya mkojo, kugeuza kope, kumrudia mgonjwa baada ya miezi kuona dawa imefanya nini. Kazi hii naipenda, na naamini kwamba bila tafiti hizo tungekuwa bado tunatibu kwa kubahatisha. Ndiyo maana swali la mzee linaniuma. Majibu yapo, tena mengine ni mazuri mno, lakini yamelala kwenye majarida ya Kiingereza wakati wenye damu yao wako Mchinga, Nyangao na Kitangari.

Nianze na mabusha, maana hapo ndipo nimeona mengi.

Wanaume wa kwetu hawapendi kulitaja mbele za watu. Atakwambia ana mshipa, au anaumwa kiuno, au "mambo ya kiume", kisha anatazama pembeni. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliliishi hilo busha miaka mingi. Alikuwa mvuvi. Aliacha kwenda baharini pale kuingia na kutoka kwenye ngalawa kulipomshinda, akahamia kwenye kushona nyavu barazani, na shuka lake alilifunga kwa namna ambayo sisi watoto tulizoea bila kuuliza. Watu walimwambia ni madafu. Pwani nzima utaisikia hiyo: ukinywa madafu mno, maji yanashuka. Mjomba aliacha madafu na busha likaendelea kukua.

Kumpima mtu mwenye uvimbe wa pumbu si jambo gumu likifanywa kwa heshima na utulivu. Kwanza unamwomba akohoe, uone kama uvimbe unasukumwa kutoka tumboni, maana ngiri ya utumbo ni kitu kingine na hatari yake ni nyingine. Kisha unazima taa na kuweka tochi nyuma ya uvimbe. Maji yakiwa safi, mwanga unapita na unaona wekundu kama wa taa ya kandili. Nyama au utumbo hauwaki hivyo. Baada ya hapo, palipo na mashine, inakuja altrasaundi, na hapo ndipo pananifurahisha. Minyoo wakubwa wa mabusha, ugonjwa unaoenezwa na mbu, hukaa kwenye mishipa ya limfu, yaani njia za majimaji ya mwili, na kwa mwanaume hupenda ile ya karibu na korodani. Wakiwa hai unawaona kwenye skrini wakijipinda bila kukoma. Watafiti wa Recife, Brazili, walilieleza jambo hili miaka ya 1990 na wakaliita dansi ya filaria, maana filaria ndilo jina la kitaalamu la minyoo hao. Siku moja fundi wa altrasaundi alimgeuzia kijana mmoja skrini ajionee. Kijana alikaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo si dafu." Mikutano yote ya elimu ya afya niliyohudhuria haikufanya kazi ambayo skrini ile ilifanya kwa dakika moja.

Na damu ya usiku je? Watoto wa minyoo hao, wale wadogo wanaonyonywa na mbu, hujificha mchana na kujaa kwenye damu ya juu kuanzia kama saa 4 usiku hadi saa 8. Kwa hiyo wachukuaji damu walikuja usiku, na gari, na taa. Fikiria mwenyewe inavyoonekana kwenye kijiji ambacho wazee bado wanawaonya wajukuu kuhusu mumiani. Watu walikimbilia mashambani. Wengine walikubali kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikaa kwanza yeye kwenye kiti, akanyoosha kidole. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachotafuta dalili ya mnyoo mkubwa kwenye tone la damu, saa yoyote, matokeo ndani ya dakika chache. Kazi imekuwa nyepesi. Lakini walioamshwa usiku ule, wakatoa damu huku wanaogopa, wengi wao hakuna aliyerudi kuwaambia kwa nini ilikuwa lazima iwe usiku.

Sasa nieleze utafiti mmoja ambao kila mwanaume wa Kusini anastahili kuujua. Mwaka 2005 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo kutoka Kimang'a, kijiji cha Pangani mkoani Tanga. Waliofanya ni wataalamu wa Uingereza na Ujerumani pamoja na Mtanzania Williams Makunde. Walishiriki wanaume 72 wenye vimelea. 34 kati yao walipewa doksisaiklini, dawa ya kawaida kabisa inayopatikana duka la dawa, miligramu 200 kila siku kwa wiki 8. 38 walipewa vidonge vinavyofanana na hivyo ila havina dawa ndani. Mgonjwa hakujua kapewa kipi, na aliyempima naye hakujua. Watu wetu wakisikia habari ya vidonge visivyo na dawa hudhani wametapeliwa, na kwa kweli ni lazima waelezwe vizuri kabla. Sababu ni kwamba bila kundi hilo la pili huwezi kujua kama mtu kapona kwa dawa, kwa muda kupita, au kwa kuwa tu ametunzwa.

Baada ya miezi 14 walipimwa tena kwa altrasaundi. Kati ya wanaume 27 wa kundi la dawa waliopimwa, minyoo inayocheza ilionekana kwa 6 tu. Kati ya 27 wa vidonge vitupu, ilionekana kwa 24.

Dawa yenyewe haimgusi mnyoo moja kwa moja. Ndani ya mnyoo wanaishi bakteria wanaoitwa Wolbachia, na mnyoo bila hao bakteria hazai wala hadumu. Doksisaiklini inawaua bakteria, mnyoo anakuwa tasa, kisha anakufa taratibu ndani ya miezi. Tofauti yake na dawa za kingatiba tunazogawa kila mwaka, ivermektini na albendazoli, ni kwamba hizi za kingatiba husafisha zaidi wale watoto wa minyoo kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Mnyoo mkubwa mara nyingi hubaki. Ukimeza kingatiba unamlinda jirani yako zaidi kuliko unavyojitibu mwenyewe, na sioni kwa nini tusiwaambie watu hivyo hivyo. Watu wa kwetu wanajua kufanya jambo kwa ajili ya jirani. Wanachokataa ni kudanganywa kwamba kidonge cha mwaka huu kitaondoa busha la miaka kumi, kisha wakae wasubiri.

Mjomba nilimweleza hivi vyote jioni moja, nikimchorea kwenye daftari la mjukuu wake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza mbona yeye hakupewa hiyo dawa ya wiki 8. Nikamjibu nilichokijua: si dawa ya kugawa kwa kijiji kizima, maana watoto wadogo na wajawazito hawapewi, na wiki 8 za kumeza kila siku ni nyingi, tena kwa busha lililokwisha kuwa kubwa kama lake, maji yaliyojaa yanataka kisu. Kunyonya maji kwa sindano peke yake ni kupoteza muda, yanarudi. Daktari hufungua, hutoa maji, kisha hukata au kugeuza ule mfuko unaoyatengeneza. Mjomba alikwenda kwenye kambi ya upasuaji iliyofuata. Alichonishangaza ni hili: alisema alikuwa amezisikia kambi hizo miaka mingi, ila hakuwahi kumpata mtu wa kumweleza kinachotokea ndani ya mwili wake. Alikuwa anaogopa kisu cha kitu asichokielewa.

Upande wa macho hali ni tofauti kidogo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huwa amejitibu kabla hujafika.

Kuanzia mwezi wa sita mikorosho inapopulizwa salfa, kila mtu hapa ana macho mekundu. Vumbi la salfa linawasha, machozi yanatoka, watu wananawa na maji ya chumvi na kuendelea na kazi. Kwa hiyo mama mwenye trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope, anajificha katikati ya watu wenye macho ya salfa. Njia ya kumjua ni moja tu: kulifunua jicho. Unageuza kope la juu kwa kidole na kijiti cha pamba, unavaa miwani ya kukuzia, unatafuta vipele vidogo vyeupe kwa mtoto, au makovu kwa mtu mzima. Kwa mtoto, vipele 5 au zaidi katikati ya kope la juu ndiyo kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 1987. Hakuna damu, hakuna maabara. Lakini jicho la mpimaji lazima lizoezwe, na mtoto lazima ashikwe na mama yake kwa upole, la sivyo hutamwona tena.

Bibi mmoja wa bara ya Lindi nilimkuta na kibano kidogo cha chuma amekifunga kwenye pindo la khanga. Kope zake, kwa makovu ya trakoma, zilikuwa zimejikunja kuelekea ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Kila asubuhi mjukuu wa kike anamng'oa, moja moja, kabla ya kwenda shule. Nikamwamkia, tukaongea. Akaniambia aliwahi kufanyiwa upasuaji, akapata nafuu, kisha kope zikarudi. Tangu hapo alikuwa ameamini kwamba daktari alimharibu, au kuna mtu kamfanyia kitu, na majirani zake wawili wenye tatizo hilo hilo wakakataa kabisa kwenda kufanyiwa kwa sababu yake.

Hapo ndipo nilipotamani kumfikishia majibu ya watu wengine. Kope kurudi baada ya upasuaji ni jambo linalojulikana na limefanyiwa utafiti wa kutosha, hata hapa Tanzania. Matokeo ya utafiti mmoja yalichapishwa mwaka 2013: zaidi ya watu 1,900 wenye kope zilizoingia ndani walifanyiwa upasuaji, wengine kwa vifaa vya kawaida, wengine kwa kibanio kipya kilichobuniwa kumsaidia mpasuaji akate mahali sahihi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 2. Kibanio hakikupunguza kope kurudi. Kilipunguza vinyama vinavyoota kwenye jeraha. Watu wanaweza kuona hayo ni matokeo ya kukatisha tamaa. Mimi nayaona ya thamani kubwa, kwa sababu yanampa bibi yule kitu cha kushika: hakuharibiwa na mtu, wapo wengi waliorudiwa, na kurudiwa maana yake ni kwenda tena kuonwa mapema kabla kioo cha jicho hakijachubuka na kuwa na ukungu. Nilimwambia hivyo. Aliomba nimrudie kuwaambia wale majirani wawili, na nilikwenda.

Kongwa, mkoani Dodoma, ndiko ulimwengu ulikojifunza habari ya kunawa uso. Sheila West na wenzake walichapisha mwaka 1995 utafiti wa vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini, lakini vijiji 3 vilichaguliwa kwa kura vipate pia kampeni ya nguvu ya kuwanawisha watoto nyuso, kampeni iliyopangwa na wanakijiji wenyewe. Huko watoto wenye nyuso safi waliongezeka, na trakoma kali ikapungua kuliko kule walikopewa dawa peke yake. Jambo ambalo huwa nalisisitiza kwa kina mama ni kiasi cha maji. Kongwa ni kukavu kuliko kwetu. Uso wa mtoto hausubiri ndoo nzima, kikombe kinatosha.

Kichocho nitakipitia haraka, isipokuwa sehemu moja.

Kwanza kuna saa. Watoto wa minyoo ya mabusha huonekana zaidi kwenye damu saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, na mayai ya kichocho hutoka zaidi kwenye mkojo saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Saa zile zile, moja gizani na nyingine juani. Hata baada ya miaka hii yote jambo hilo linanistaajabisha. Mwalimu akikuletea mikojo ya asubuhi na mapema ili awahi ratiba yake, utakosa mayai na utaandika kwamba shule haina ugonjwa.

Pili, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote kiligunduliwa Kilosa, mkoani Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1980, na Christian Lengeler na wenzake. Waliwapa walimu karatasi ya maswali wawaulize wanafunzi: una kichocho? unakojoa damu? Kisha wakalinganisha na vipimo vya mkojo. Majibu ya watoto yalitosha kuonyesha shule zipi zina hatari kubwa na zipi zinaweza kusubiri. Njia hiyo ilienda nchi nyingi za Afrika baadaye. Nikiwaeleza walimu wa huku kwamba ilianzia kwa walimu wenzao wa Kilosa, huwa wanakaa sawa kwenye viti.

Sehemu ninayotaka kukaa nayo ni ya wanawake. Watu wanadhani kichocho ni ugonjwa wa wavulana wanaooga mtoni. Lakini anayepanda mpunga bondeni amesimama kwenye maji siku nzima ni mwanamke, anayefua ni mwanamke. Mayai ya kichocho hayaishii kwenye kibofu. Yanakwama pia kwenye uke na mlango wa kizazi, yanaleta vidonda, uchafu, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa. Anafika kituoni, anapewa dawa za magonjwa ya zinaa, anaambiwa amlete mume. Dawa hazifanyi kitu. Anarudi, anapewa tena. Nyumbani anaulizwa umetoka wapi. Nimekaa na mwanamke aliyepewa talaka kwa njia hiyo, na alikuwa hana kosa lolote ila kulima mpunga. Utafiti wa vijijini Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta wanawake wenye kichocho cha sehemu za siri wana uwezekano wa kuwa na virusi vya Ukimwi karibu mara 3 kuliko wasio nacho. Hilo halithibitishi kwamba kimoja kilisababisha kingine, lakini linatosha kutufanya sisi wauguzi tuulize swali moja zaidi kabla ya kuandika "zinaa" kwenye kadi ya mtu: Je, unalima bondeni? Uliwahi kukojoa damu ulipokuwa mtoto? Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni dozi ya siku moja. Haifuti makovu ya zamani, ndiyo maana wasichana wanapaswa kuipata mapema.

Nimebakisha maumivu ya viungo, na hapa habari inakuwa ya kwetu kabisa.

Bibi yangu mzaa mama ni wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Alikuwa msichana mdogo ilipokuja ile homa. Anakumbuka watu wazima walioamka asubuhi hawawezi kusimama wima, wanatambaa kutoka kitandani, vifundo na magoti yamewaka. Anakumbuka harusi iliyoahirishwa kwa sababu wapigangoma wote walikuwa chini. Alisimulia kama hadithi ya zamani tu, kitu kilichokuja kikapita.

Ilikuwa mwaka 1952 na 1953. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden akaandika jinsi ulivyoenea, na makala zao zikachapishwa mwaka 1955. R. W. Ross akavitenga virusi vyenyewe, matokeo yake yakatoka mwaka 1956. Ndiyo chikungunya. Duniani kote wanaiita kwa Kimakonde, kuanzia India mpaka Brazili. Kisiwani Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, mwaka 2005 na 2006, ilimkamata karibu mtu mmoja kati ya watatu, na huko ndiko madaktari walikojifunza vizuri kwamba maumivu ya viungo yanaweza kukaa miezi, kwa wengine miaka, baada ya homa kwisha.

Lumsden alieleza mazingira ambayo bibi anayajua kwa mabega yake. Juu ya uwanda hakukuwa na maji. Wanawake walishuka bondeni kuteka, wakapanda na mizigo kichwani, na maji hayo ya thamani yakahifadhiwa ndani kwenye mitungi siku nyingi. Mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, anazaliana humo humo ndani ya nyumba. Nilipomsomea bibi sehemu hiyo, nikigeuza kwa Kiswahili polepole, aliniambia nirudie pale pa mitungi. Akasema: "Mama yangu alikuwa na mitungi mitatu, haifunikwi." Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita tangu makala ile ichapishwe. Ugonjwa uliandikwa kutokana na miili ya watu wa kijiji chake, umepewa neno la lugha yake, na mtu wa kwanza kumfikishia habari alikuwa mjukuu wake mwenyewe akiwa na simu.

Hili si la historia peke yake. Homa huku Kusini ikija, jina lake la kwanza ni malaria. Utafiti wa hospitali mbili za Moshi wa mwaka 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa 528 kati yao. Vipimo vya kina vilipata malaria kwa 14. Chikungunya ilikuwemo kati ya magonjwa yaliyopatikana, na hakuna aliyekuwa ameifikiria. Moshi si Newala, huku kwetu malaria ni nyingi zaidi, lakini mtu mwenye homa ya ghafla na vifundo vilivyovimba pande zote mbili, ambaye kipimo chake cha malaria kimesema hapana, anastahili kusikilizwa upya. Dawa ya kuua virusi haipo. Ni parasetamoli, maji, mapumziko, na kujiepusha na asipirini mpaka ijulikane kuwa si dengi, kwa hofu ya kutokwa damu. Vipimo vyenyewe vina wakati wake: wiki ya kwanza unatafuta virusi, baada ya hapo unatafuta kinga ambazo mwili umetengeneza. Na mzee mwenye magoti yanayouma tusimwambie moja kwa moja kwamba ni baridi yabisi au uzee. Tumuulize kwanza yalianza lini, na kama yalianza na homa.

Tamko la Helsinki, ambalo watafiti wa tiba duniani wanalifuata, linasema kila aliyeshiriki utafiti apewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake ya jumla. Hapa kwetu kila utafiti wa afya unapita kwenye kibali cha maadili, na fomu ya ridhaa husomwa kwa Kiswahili. Kwenye fomu nimesoma ahadi nzuri. Kisha mradi unafika mwisho, ofisi inafungwa, magari yanarudi Dar es Salaam, na mimi muuguzi ninabaki sokoni nikiulizwa. Mradi mmoja niliofanyia kazi, sitautaja, ulikuwa na fedha ya kupeleka matokeo kwenye mkutano nje ya nchi, na haukuwa na nauli ya kurudi kijijini ambako ni mwendo wa saa mbili. Najua walioupanga ni watu wema. Walipopanga bajeti, hakuna aliyewauliza.

Mradi mwingine ulirudi. Ulikuwa mkutano wa kijiji wa kawaida chini ya mwembe, wanawake upande huu na wanaume ule, mtendaji akafungua, mtafiti kijana akasimama na bango moja lililochorwa kwa mkono. Alieleza walipima nini, wakakuta nini, na wapi hawakufanikiwa. Maswali yalichukua muda mrefu kuliko maelezo. Mwanaume mmoja aliuliza mbele ya watu wote, bila kuficha, kama busha lake linaweza kupasuliwa akiwa na kisukari. Kwa mtu wa kwetu kuuliza hilo hadharani ni jambo kubwa. Mganga wa kituo akamjibu kwamba inawezekana, sukari ikishadhibitiwa kwanza. Siku zilizofuata wanaume walikuja kituoni kuandikisha majina, wengine wakifuatana na wake zao.

Kwa hiyo mtu wa utafiti akibisha hodi kwako, mkaribishe, na kabla hujaweka dole gumba kwenye fomu muulize haya: matokeo mtayaleta lini, nani atayaleta, na yatasomwa wapi. Muulize pia kama vipimo vyako binafsi utapewa wewe mwenyewe, na ukikutwa na ugonjwa utatibiwa wapi. Mwambie aandike majibu nyuma ya nakala yako. Ni haki yako, na mtafiti mzuri atafurahi kuulizwa.

Nami, mkataba wangu unaofuata ni wa kufuatilia wagonjwa wa matende, utaanza minada ya korosho ikishatulia. Kabla sijasaini niliwaandikia wasimamizi nikaomba mstari mmoja uongezwe kwenye bajeti: mkutano wa kurudisha matokeo katika kila kijiji, bango la Kiswahili, kipaza sauti cha kukodi na nauli ya bodaboda ya muuguzi. Wamekubali vijiji vyote isipokuwa viwili vya mbali, na kuhusu hivyo viwili bado tunajadiliana.